Kondoo Aliyesalimiwa na Mji Mzima

Kesi ya kondoo dume iliripotiwa katika kituo cha polisi cha Stoo Mbili siku ya Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi. Kufikia saa moja na robo mji mzima ulikuwa umeshaitatua, tena mara nne, na kila mara mwizi alikuwa mwingine.

Koplo Nerima alikuwa bado anatafuta kalamu.

"Andika Kiprugut," alisema Mzee Mathenge, akigonga meza kwa kidole. "Mengine utaandika baadaye. Kondoo amerara kwake wiki sita. Reo hayuko. Hiyo ni hesabu ya darasa ra kwanza."

Mathenge, kama wazee wengi wa mji ule, hakuwa na haja na herufi L. R ilimtosha kwa kazi zote. Alikuwa mjomba wa bibi harusi na msemaji wa ukoo, na leo alikuwa amevaa koti lake la sherehe tayari, pamoja na gambuti, kwa sababu huko karibu na Mau Narok sherehe ni sherehe na matope ni matope.

Nyuma yake alisimama Wamuyu, mwenye hoteli, mama wa bibi harusi mwenyewe. Huyu kwa kawaida husikika kabla hajaonekana. Leo alisema polepole, akilipima kila neno kama mtu anayevuka dimbwi na viatu vya kanisani.

"Afisa," alisema, "wageni wetu watawasili saa sita. Bila kondoo yule, binti yangu Joan hataolewa leo. Amekaa kitandani na nguo yake mpya. Hali. Halii. Anaangalia ukuta tu."

Nerima aliacha kutafuta kalamu, akachukua penseli.

"Kondoo ni wenu?"

"Ni wa upande wa bwana harusi," alisema Mathenge. "Travis, kijana wa Nakuru. Watu wake ni wa reri, wanaishi kwenye nyumba za shirika, na huko huwezi kufuga hata kuku. Warinunua dume hapa hapa, wakampa Kiprugut amnenepeshe. Sisi wazee turimkagua, tukamkubari. Reo ndiyo ngurario, harusi yetu ya kimira. Bega ra huyo kondoo risipokatwa mbere ya wazee, huyo msichana bado ni wetu."

"Kondoo wako wengi hapa, mzee. Mnunue mwingine, mkague mwingine."

Mathenge alimtazama kwa huruma ya dhati. "Koplo, kondoo akishakaguriwa habadirishwi. Hii si soda, ati kama hakuna nyeusi rete ya machungwa."

Basi Nerima aliandika saa kwenye daftari, akavaa kofia, akatoka. Alikuwa na saa nne na dakika arobaini kumpata kondoo mmoja, mweupe, mnono.

* * *

Stoo Mbili ni milango kumi na mmoja upande huu wa barabara na saba upande ule. Mzungu aliyekuwa na shamba la ngano alijenga stoo mbili. Ya kwanza iliungua, ya pili ikabaki na jina la zote. Leo ndani yake kuna mashine ya kusaga unga inayonguruma Jumanne na Jumamosi, na siku hizo watu huongea kwa kupiga kelele hata wakiwa mbali nayo, kwa mazoea. Gazeti hufika na gari la mkate saa nane mchana, kwa hivyo asubuhi watu hubishana juu ya habari za jana, na wala hawaoni hasara.

Nerima alikuwa na miezi mitatu hapo. Alipohamishwa kutoka Nakuru aliambiwa atakufa kwa upweke. Kumbe upweke ndio kitu pekee ambacho hakukipata. Kutoka kituoni hadi zizi la Kiprugut ni mwendo wa dakika nne. Asubuhi ile ulimchukua dakika kumi na tano, maana alisalimiwa na watu tisa, na kila mmoja baada ya kumsalimia alimuuliza anaenda wapi, ingawa kila mmoja alijua.

Kiprugut alikuwa amesimama zizini na koti lake jeupe la buchari, mrefu, mikono imening'inia. Alionekana kama mtu aliyefiwa.

"Koplo, mimi sijaiba," alisema. "Huyo kondoo nilikuwa naongea naye. Jioni nikifunga buchari nakuja namwambia habari za siku. Mtu ataiba rafiki yake?"

"Nieleze mambo ya asubuhi. Kwa saa."

"Saa kumi na moja na nusu nimetoka, nimeenda kuchinja mbuzi wa leo. Saa kumi na mbili na nusu nimerudi. Mnono hakuna. Huyu mwembamba yuko."

Kwa kweli zizini alikuwamo kondoo mmoja, mbavu zake zikihesabika kwa macho, akitafuna majani ya karoti bila wasiwasi wowote.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa Jamleck. Ni wa siasa."

Nerima alilijua hilo, kama alivyolijua kila mtu. Siku ile ile ushirika wa maziwa na viazi ulikuwa unachagua mwenyekiti, baada ya uchaguzi kuahirishwa mara mbili. Jamleck alikuwa anagombea kwa alama ya kondoo. Mpinzani wake alichukua alama ya ndoo. Kwa wiki tatu watu wa Stoo Mbili walikuwa wakiimba kondoo na ndoo hadi watoto wa chekechea wakashindwa kutofautisha.

Aliinama kukagua lango. Kamba ya katani ilikuwa imefungwa vizuri, mafundo mawili, ncha imeingizwa ndani.

"Hii umefunga wewe?"

"Nimeikuta hivyo. Hata mimi sifungi safi hivyo. Na angalia," Kiprugut alionyesha karai, "huyu mwingine amewekewa maji. Mimi sikumwekea."

Nerima aliandika: *Mwizi amefunga lango. Mwizi amewapa mifugo maji.* Akazitazama sentensi hizo. Katika miaka tisa ya kazi alikuwa amekutana na wezi wa kila aina, lakini mwenye adabu kiasi hiki hakuwahi kumwona.

"Nani huja hapa mara kwa mara?"

"Uliza nani haji. Wamuyu anakuja kila jioni na majani ya karoti. Jana pia alikuwa hapa. Wengine wanasimama kwa ua, wanasalimia kondoo, wanaenda."

Hapo Mathenge, aliyekuwa amewafuata, alisafisha koo. Nyuma yake sasa kulikuwa na watu kama ishirini, mmoja amebeba kikombe chake cha chai kabisa.

"Koplo, unapoteza wakati na kamba. Nyama ndiyo ire, imening'inia buchari. Mbichi. Ya reo. Yeye anaita mbuzi!"

Umati ulinung'unika. Kiprugut alitazama chini. Alikuwa ameuza nyama Stoo Mbili miaka kumi na miwili, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kutilia shaka mizani yake au neno lake. Nerima aliona kwamba jambo hili lisipomalizwa haraka, harusi isingekuwa kitu pekee kitakachoharibika leo.

"Twendeni tukaione," alisema.

Walikwenda wote. Buchari ilikuwa na dirisha moja la kioo na ndani yake nusu mbili za mnyama, safi, nyekundu. Nerima hakuuliza swali. Aliingia, akaigeuza nusu moja kwenye ndoano, akawaonyesha watu sehemu ya nyuma. Mkia ulikuwa umeachwa na ngozi yake na kishungi cha manyoya, kama mchinjaji yeyote mwaminifu anavyoacha, na ulikuwa mfupi, mweusi, umesimama juu.

"Mzee Mathenge, soma huo mkia."

Mathenge alisogea, akavaa miwani, akautazama mkia ule kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Ni mbuzi," alisema mwishowe.

"Sauti, mzee. Walio nyuma hawajasikia."

"Nimesema ni mbuzi!"

Watu walicheka, na mtu mmoja akaagiza nusu kilo papo hapo kama njia ya kuomba radhi. Kiprugut aliipima akaongeza kipande.

* * *

Saa tatu na nusu. Nerima alikuwa amekagua stoo ya mashine, nyuma ya kanisa, mabanda ya punda wa kubeba maziwa na choo cha shule. Hapakuwa na manyoya, damu wala kinyesi. Kondoo mwenye uzito wa mtu mzima alikuwa ameyeyuka katika mji ambao mtu hawezi kununua kiberiti bila kuulizwa anataka kuwasha nini.

Alikwenda kwa Wachuka. Mama huyu hukaanga mandazi kwenye njia panda tangu saa kumi na moja alfajiri, na njia ni moja tu: ukitoka upande wa zizi la Kiprugut kwenda popote duniani, lazima upite mbele ya karai lake.

"Sijaona kondoo," alisema Wachuka kabla hajaulizwa, akimsogezea kigoda. "Kura mandazi kwanza. Nimerisema hiri jambo mara mia reo. Hakuna kondoo mweupe amepita hapa. Ningemuona. Ningemuurizia."

"Ungemuulizia nani?"

"Mwenye kumbeba! Mtu apite na kondoo wa Joan na mimi ninyamaze? Mimi ni ukuta?"

Nerima alikula andazi. Lilikuwa moto na lilikuwa na iliki, na kwa dakika nzima alisahau kwamba yuko kazini. Kisha likamjia wazo. Alikuwa amewauliza watu swali la mjini: umeona nini? Watu wa mjini huona. Watu wa Stoo Mbili hawaoni, wao husalimia.

"Mama, achana na kondoo. Niambie asubuhi ya leo ulisalimia nani na nani, kwa mpangilio."

Uso wa Wachuka ulichangamka. Hili sasa lilikuwa swali la mtu mwenye akili.

"Kwanza, saa kumi na moja na nusu, Kiprugut na mbuzi wake mweusi. Nikamuurizia mgongo wa mama yake, ni mzima. Harafu dereva wa rori ya viazi, anaenda Nakuru. Harafu Wamuyu, ameamka mapema, anaongea peke yake, nikajua ni harusi. Harafu watu wa maziwa, wore, sitawahesabu. Harafu mzee Khisa fundi na ure kondoo wa siasa, nikamwambia ehe, kumekucha, akacheka. Hiyo irikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Harafu mwarimu—"

Nerima aliandika kila jina. Lilipokuja la mwalimu wa dini, lisilokuwa na kondoo wala sababu, aliendelea kuandika kwa mazoea. Kutoka uwanja wa ushirika kipaza sauti kilianza kukohoa, kisha sauti ya Jamleck ikajaa mji: "Wakulima! Mnamtaka nani? Koondoo!" na umati ukaitikia, "Koondoo!" na wengine, kwa ubishi, "Ndoo!"

Penseli ilisimama.

Alirudi ukurasa wa kwanza. *Kondoo mwembamba wa Jamleck: yuko zizini.* Akafungua ukurasa wa tatu. *Khisa na kondoo wa Jamleck: wamepita kwa Wachuka.*

"Mama Wachuka. Huyo kondoo wa siasa ana rangi gani?"

"Kijani. Si ndiyo rangi ya Jamreck? Wamempaka kutoka pua hadi mkia. Mpaka kwato. Anapendeza!"

"Na mwili wake?"

"Mnono kabisa. Hata nirimwambia Khisa, hii kampeni imeri—"

Andazi lililokuwa kwenye kijiko likarudi karaini peke yake.

"Ngai," alisema Wachuka, akimwita Mungu.

Kondoo mmoja hawezi kuwa mahali pawili, hata siku ya uchaguzi. Nerima alishaanza kukimbia.

* * *

Jamleck alikuwa juu ya kreti ya maziwa. Kando yake, amefungwa utepe kifuani na kutulia kama waziri, alisimama kondoo wa kijani kibichi. Watu walikuwa wakipiga naye picha. Nusu ya waliokuwa wakimpapasa asubuhi hiyo walikuwa wameahidi kumtafuta kondoo mweupe usiku na mchana.

"Koplo! Karibu!" Jamleck alipaza sauti. "Hata serikali iko na sisi!"

Nerima alimshika kondoo mgongoni. Vidole vilizama kwenye mafuta. Kiganja kilitoka kijani.

"Jamleck, shuka. Kondoo wako alikuwa na mbavu jana."

"Si amekula?"

"Usiku mmoja?"

Jamleck alimtazama kondoo vizuri, huenda kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu mwanasiasa huangalia watu. Aliweka kipaza sauti chini taratibu. "Huyu si wangu," alisema. "Mimi nilimwambia Khisa amchukue wangu, ampake rangi, amlete. Nilitaka iwe surprise, sikuambia mtu mwingine. Stoo yangu iko pua na mdomo na zizi, akampaka rangi huko. Mimi nimemkuta hapa tayari. Mzee Khisa!"

Khisa alijitokeza na brashi mfukoni. Alikuwa mzee mfupi mwenye mikono ya fundi, mtu wa Bungoma aliyekuja Stoo Mbili kupaka rangi stoo, miaka thelathini na mmoja iliyopita, na hakumaliza hadi leo kwa sababu kila mara alipatiwa kazi nyingine. Yeye ndiye hufunga mafundo mawili na kuingiza ncha ndani. Nerima alijilaumu, maana lango la kituo chake mwenyewe limefungwa hivyo.

"Mzee, umemchukua kondoo wa harusi."

"Mimi? Hapana, binti yangu. Wa harusi nimemwacha zizini. Hata nimemwekea maji, maana leo ni siku yake ya mwisho."

"Yule mwembamba?"

"Eeh. Nilishangaa pia. Nikasema hawa wazee wa siku hizi, harusi na kondoo aliyekonda namna ile! Lakini si mambo yangu."

"Nani alikuambia yupi ni yupi?"

"Mama Joan mwenyewe. Jana jioni nilimkuta kwa zizi anawalisha. Nikauliza tu, mama, hawa wawili ni wa nini na nini? Sikusema nimetumwa, Jamleck alinikataza. Akanijibu: mnono ni wa kula, mwembamba ni wa kura."

"Si hivyo ndivyo ilivyo?"

Khisa alimsogelea, akashusha sauti, kama anayemfundisha mtoto wa ndugu yake siri ya nchi ya kigeni.

"Nerima, mwana wetu. Wewe ni mgeni hapa. Mimi nimekaa na hawa watu, nimekula kwao, wamenizikia mke. Wakisema rori, mimi naona lori. Wakisema twende tukarare, nachukua blanketi. Siwangoji wamalize, nageuza huku wanaongea. Na wakijikaza kusema L, ujue hapo ndipo palikuwa na R. Sasa mama akasema mnono ni wa kula..."

"Ukageuza."

"Nikageuza. Nikapata wa kura. Na mwembamba akasema wa kura..."

"Ukageuza tena."

"Si lazima ugeuze yote? Huwezi kugeuza moja uache moja."

Nerima alijizuia. Kazi ya upelelezi inataka uso mkavu. Lakini tumbo lake lilikuwa linacheka, na Jamleck alikuwa ameshakaa chini kwenye nyasi, anafuta machozi.

"Limebaki swali moja," alisema Nerima alipopata pumzi. "Kwa nini jana mama alisema sawasawa?"

Jibu lilikuwa limesimama nyuma yake. Wamuyu alikuwa amefika mbio na aproni yake ya hoteli, na amesikia yote. Alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Ni mimi!" alisema. "Woi, ni mimi nimeharibu! Wiki mbiri nzima! Joan amekuwa akinifundisha jikoni tukishafunga hoteri. Nirimwomba mwenyewe. Nirisikia mama yake Travis ni mtu wa mjini, anaongea Kiswahiri safi. Reo nitasimama mbere yake kumkaribisha, na sikutaka watu wacheke mtoto wangu. Basi nikawa nasema na sufuria. Lori, la, Limuru, lilirudi, na, rola. Lori, la, Limuru. Mpaka nikashika. Nikishika nasema na kira mtu. Jana nikamwambia Khisa, nikajisikia msomi!"

Sauti yake ilikatika kati ya kilio na kicheko, na kicheko kikashinda. Khisa alimshika bega. "Mama Joan," alisema, "miaka yote hii nimekusikia vizuri. Siku moja tu uliyosema sawa ndiyo nimekosea."

* * *

Saa tano na nusu walimpeleka kondoo uani kwa Wamuyu, mji mzima nyuma. Walijaribu maji. Walijaribu sabuni. Khisa, kwa fahari iliyochanganyika na majuto, alieleza kwamba alikuwa ametumia rangi aliyobakiwa nayo kutoka madirisha ya shule, na hiyo haitoki kwa sabuni.

Joan alitoka chumbani. Alimwona kondoo wake wa harusi, akaketi kizingitini na nguo yake mpya, na Nerima hakujua kama analia hadi alipoinua uso. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mlango kwa nguvu, na macho yake yalikuwa kwa mjomba wake.

Maana neno la mwisho lilikuwa la Mathenge. Mzee aliwaita wenzake wawili. Walimzunguka kondoo mara moja. Walimzunguka mara ya pili.

"Dume ra ngurario," alisema Mathenge kwa sauti nzito, "ri na sheria. Risiwe na kirema. Risiwe na kovu. Na riwe ra rangi moja, bira doa." Aliinua sikio la kushoto, akachungulia ndani. Aliinua mkia. Akatenganisha manyoya ya tumbo. "Khisa. Uriacha mahari popote?"

Khisa alivuta pumzi kama aliyetukanwa. "Mimi? Sijawahi kuacha mahali."

Wazee walinong'ona. Mathenge akavua kofia.

"Nimekagua," alisema. "Kondoo huyu ni wa rangi moja."

Makelele yaliyolipuka yalimshtua kondoo na kuwatoa kuku wa jirani. Joan aliruka kutoka kizingitini akamkumbatia mjomba wake, naye Mathenge, akijitahidi kubaki mkali, alimwita Kiprugut mbele ya watu wote. "Nirisema neno baya asubuhi," alisema. "Reo kisu cha kuchinja utashika wewe. Ndani ya ngozi bado ni mweupe." Kiprugut alimsogelea kondoo, akainama, akamwambia kitu sikioni. Hakuna aliyeuliza ni nini, na kwa Stoo Mbili hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Jamleck alirudi uwanjani na kondoo mwembamba, mweupe, kwa kuwa rangi ilikuwa imekwisha, akitangaza kwamba hiyo ndiyo kampeni ya ukweli mtupu.

Nerima alifungua daftari na kuandika maneno atakayoyahamishia OB, kitabu cha matukio cha kituo: *Hakuna wizi. Kondoo alisikika vibaya.* Mathenge alichungulia begani kwake, akasoma, akakubali kwa kichwa.

* * *

Wageni walifika saa saba kasoro robo, wakiimba tangu kona ya shule. Mbele alikuwa Travis, suti imemkaba, na mama yake Namalwa, mwanamke mnene, mwenye kilemba cha dhahabu na uso usioonyesha kitu. Walipewa viti. Wakapewa chai. Kisha Mathenge akamwita Wamuyu awakaribishe.

Wamuyu alisimama. Alikuwa na karatasi. Aliitazama, akamtazama Joan, aliyekuwa amekaa kati ya shangazi zake. Midomo yake ilisogea bila sauti, na Nerima, aliyesimama karibu na mlango, akaisoma: lori, la, Limuru. Joan alitikisa kichwa: hapana. Akamwambia kwa midomo, waziwazi, mama, sema tu.

Wamuyu aliikunja karatasi, akaitia kwenye aproni.

"Karibuni," alisema, kwa sauti yake yote ile inayosikika hadi barabarani. "Mimi naitwa mama Joan. Nirikuwa nimejifunza hotuba ya kizungu ya Kiswahiri, rakini asubuhi imeniretea matatizo. Kwa hivyo nitawaambia kwa mdomo wangu. Huyu mtoto nirimrea peke yangu kwa chapati na maharagwe. Hana doa. Reo nawapa. Mumpende. Na nyinyi mumefika nyumbani, mukichoka murare, hakuna mtu atawafukuza."

Watu wa Stoo Mbili waligeuza shingo. Walikuwa wanamtazama Namalwa.

Namalwa aliinuka kwa uzito. Naye alikuwa na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Aliikunjua, akaisoma kidogo kwa jicho moja, akamgeukia Travis, na Travis akainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa.

"Mama Joan," alisema, "huyu kijana amenifunza wiki tatu. Ati, mama, kule ni kwa wakwe, usiseme kari, sema gari. Usiseme papa, sema baba. Nimekaa kwa kioo kama mtoto wa nursery." Akairarua karatasi vipande viwili. "Tumekuja na makari matatu na roho moja. Papa yake Travis angekuwa hai angelia leo. Nipe huyo mtoto, nami nimekupa wangu."

Akavuka ua mzima, kilemba kikiyumba, akamkumbatia Wamuyu hadi miguu ya mama yule ikainuka kutoka ardhini.

Bega lililetwa likiwa limeiva, likifuka moshi. Mathenge alimkabidhi Travis kisu. Kijana alitafuta kiungo kwa kidole gumba, kama alivyoelekezwa na Kiprugut, akakata mara moja, safi, akampa Joan kipande cha kwanza. Joan alikipokea kwa mikono miwili, akala, mafuta yakamtiririka kidevuni hadi kwenye nguo yake mpya, na hakuyafuta.

"Sasa," alisema Mathenge, akimgeukia Travis, "sasa ni mke wa mtu."

Kwa desturi kigelegele cha kwanza ni cha shangazi. Wamuyu hakuwangoja.